Ukurasa wa Arobaini na Moja

Aya ile Mama Chiriku aliisoma mara ya kwanza akatabasamu, kwa sababu ilikuwa nzuri. Mara ya pili tabasamu likamkauka. Mara ya tatu aliweka kijiko chini, akasogeza bakuli la chakula pembeni, akaiinamia karatasi kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka.

Nyuma yake mashine ya kukaushia ilikuwa inapigapiga mashuka ya wodi ya upasuaji, na chumba kizima cha dobi kilijaa ile harufu ya sabuni na joto inayomfuata mtu mpaka kitandani kwake. Saa ya chakula ilikuwa imebaki robo.

"Profesa amekwama," alisema dobi mwenzake, yule wa kutenganisha nguo za damu na zisizo na damu, mama mwenye ulimi mkali kuliko dawa ya madoa. "Kesho unasimama mbele ya watahini, leo ndio unaona makosa?"

"Si makosa. Hii si yangu."

"Si yako kivipi? Jina si lako hapo juu?"

"Jina ni langu. Ukurasa wa arobaini na moja ni wa mtu mwingine."

Mwenzake alichungulia juu ya bega lake, akasoma kwa midomo, akaishia katikati ya mstari. "Mbona iko sawa? Mimi sijaelewa hata kidogo. Si ndivyo inavyotakiwa huko kwenu?"

Mama Chiriku hakucheka. Alijua vizuri ni mkono wa nani ulioandika maneno yale. Kwa mwaka mmoja na miezi miwili alikuwa akiusikiliza mkono huo ukigonga meza taratibu kila Jumanne na kila Alhamisi. Aliupenda. Hilo ndilo lililomuuma.

Tasnifu yake ilihusu mashuka. Darasani walipomsikia mara ya kwanza walicheka chini chini. Wenzake waliandika juu ya chanjo na maji safi, yeye mashuka. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akiyafua. Kila siku wodi ya wazazi ililalamika kwamba mashuka hayatoshi, na kila siku yeye alipeleka mashuka ya kutosha kwa idadi ya vitanda. Basi yalikwenda wapi? Alichukua mashuka arobaini, akashona uzi mwekundu kwenye pembe ya kila moja, akayafuata kwa wiki sita. Thelathini na moja aliyakuta nyuma ya makabati, ndani ya maboksi ya glavu, chini ya magodoro ya akiba. Manesi walikuwa wanayaficha. Na walipomzoea, wakamweleza sababu, aliwaahidi mmoja mmoja kwamba kwenye karatasi yake hatawafanya wezi.

Sasa aya ya hitimisho ilisema hivi: "Uhaba unaodhaniwa huzaa uhodhi, na uhodhi wa watumishi huzaa uhaba halisi, hivyo wodi hujitengenezea yenyewe upungufu inaoulalamikia."

Uhodhi wa watumishi. Ahadi yake ilikuwa imefutwa kwa maneno matatu, na nakala tatu zenye maneno hayo zilikuwa mezani kwa watahini tangu Ijumaa.

*

Kituo cha Uandishi kilikuwa chumba kimoja tu nyuma ya maktaba ya chuo, chenye dirisha dogo, rafu ya kamusi zilizochoka na meza ndefu iliyogawanywa katikati kwa utepe mweusi wa gundi. Upande mmoja alikaa mwanafunzi, upande wa pili mshauri. Sheria ilikuwa imebandikwa ukutani: Kalamu ya mshauri haivuki utepe. Mwanafunzi alisoma kazi yake kwa sauti, mshauri akasikiliza, akauliza. Huyu aliuliza sana. Wanafunzi walimwita Bwana Kwa Nini, naye alilijua jina hilo na kulivaa bila kinyongo.

Alipomwona Mama Chiriku mlangoni aliinuka haraka mno, kama alivyofanya siku zote, kisha akajifanya alikuwa anafungua dirisha.

"Leo si siku yako," alisema. "Ulipaswa uwe nyumbani unapumzika. Chiriku anaendeleaje?"

"Homa imeisha. Ameanza kusema tena, na hanyamazi."

"Afadhali."

"Mwalimu, kaa."

Alikaa. Mama Chiriku hakukaa. Aliifungua nakala yake, akaiweka upande wake wa meza, akaisukuma mpaka ikagusa utepe.

"Soma hapo kwa sauti."

Kwa Nini aliutazama ukurasa. Hakusoma. Masikio yake yalianza kubadilika rangi, na Mama Chiriku, aliyezifahamu dalili zote za mtu yule, alitamani kwa nukta moja asingekuwa anazifahamu.

"Ulikuwa hospitali na mtoto," alisema Kwa Nini. "Ulinitumia faili kwa simu saa ambayo ofisi inafungwa, nikuchapie. Ukaandika kwamba unajua aya ya mwisho inachechemea."

"Malizia. Niliandika nini baada ya hapo?"

"Uliandika niiache."

"Niliandika uiache."

"Nilitaka kuiacha. Nilichapa kurasa zote, nikafika pale, nikaona mwaka mzima wa kazi unaingia uwanjani na kiatu kimoja. Mtahini wa nje ni mtu mgumu, anasifika kwa kuwamaliza watu kwenye hitimisho. Nikasema nitafunga kamba tu. Sentensi moja." Alijipapasa paji la uso. "Nilikuwa nakuonea huruma."

"Huruma," alisema Mama Chiriku.

"Si huruma hiyo."

"Ipo ngapi? Mimi naifahamu moja. Ile ya kunisogezea kiti kana kwamba sina miguu. Nimekaa hapa mwaka na miezi miwili unaniuliza kwa nini, kwa nini, mpaka naota. Sentensi moja nimeiandika mara kumi na moja kwa ajili yako. Nimelia kwenye meza hii. Hukuchukua kalamu. Nilikuwa nakuchukia, Mwalimu, halafu nikifika nyumbani nakushukuru, kwa sababu ilikuwa yangu. Sasa dakika ya mwisho, nisipoangalia, umechukua."

"Ni sentensi moja."

"Hiyo sentensi inawaita manesi wahodhi. Wale waliniamini. Yule nesi wa zamu ya asubuhi alinifungulia kabati lake la nguo, akanionyesha mashuka manne, akaanza kulia. Wewe hukumwona. Mimi nilimwona."

Hapo Kwa Nini alinyanyua uso. Ni wazi jambo hilo halikuwa limemfikia. Alikuwa ameitazama aya kama aya, akaipenda ilivyokaa, na watu waliokuwa ndani yake hawakumjia akilini. Walitazamana kama walivyojizuia kutazamana miezi yote ile.

Miezi mitatu nyuma, mvua ikiwa imewafungia ndani ya chumba hiki, Kwa Nini alimwambia: "Ukishatetea kazi yako kuna neno nitakwambia. Si sasa. Sasa mimi ni mshauri wako." Naye alijibu, akiwa anakusanya karatasi zake ili asionekane uso: "Na mimi nitakuwa na jibu." Hawakuligusa tena. Walilihifadhi, kila mmoja kwake, na kila walipoagana waliagana mapema kidogo kuliko walivyotaka.

"Nitakwenda kwa mkuu wa kituo kesho asubuhi," alisema Kwa Nini. "Nitamwambia ni mimi."

"Na watakufukuza."

"Huenda."

"Na mimi wataniambia nimeandikiwa tasnifu. Nani ataamini ni sentensi moja? Mama yangu amesema tangu mwanzo. Alisema, mwanangu, ukipita watu watasema umepita kwa sura, hukupita kwa kichwa. Nikagombana naye wiki nzima kwa ajili yako."

"Unataka nifanye nini?"

"Sitaki ufanye kitu. Umeshafanya." Alikunja nakala yake, akaiweka kwenye mkoba. Mlangoni alisita, akasema bila kugeuka, "Ile ya neno na jibu, tuiache kwanza."

Alitembea ukumbi mzima wa maktaba akiwa amejikaza kisabuni. Machozi yalimshinda alipofika kwenye ngazi za nje, na hata hapo aliyafuta kwa kiganja kama anafuta jasho.

*

Nyumbani mama yake alikuwa amekaa kwenye kochi akifumua nywele za Chiriku, na Chiriku, mwenye miaka mitano na maneno ya mtu wa hamsini, alikuwa anasimulia habari za daktari aliyemchoma sindano kwa hila.

"Bibi, aliniambia angalia ndege. Nikaangalia. Hapakuwa na ndege."

"Wanaume hao," alisema bibi. Kisha akamtazama binti yake, akaacha kuchana. "Wewe umelia."

Mama Chiriku alieleza yote, amesimama, mkoba ukiwa begani. Alisubiri aambiwe nilikwambia. Mama yake alikuwa amempinga mwanamume yule bila kumwona: msomi, hana mtoto, hana shida, atamchezea binti yangu mwenye mtoto wa kulea, halafu atamwoa msomi mwenzake. Baba yake Chiriku naye alikuwa na maneno matamu, akaondoka kabla mtoto hajaota jino. Mama mtu alikuwa na sababu zake.

Lakini hakusema nilikwambia. Alisema, "Nisomee hiyo ya kwake."

Akamsomea.

"Tena."

Akamsomea tena.

"Sijaielewa," alisema mama. "Ila naona imevaa suti. Sasa nisomee ya kwako."

Aya yake ya mwanzo ilikuwa bado kwenye simu. Aliifungua, akasoma. "Manesi wa wodi ya wazazi hawaibi mashuka. Wanayaficha, kwa sababu kila mmoja wao ameshawahi kumlaza mzazi kwenye godoro tupu, na hataki kuliona jambo hilo tena kwenye zamu yake. Anayeficha shuka moja anamwekea heshima mama asiyemjua. Lakini wote wakificha, mama wa leo analala kwenye godoro tupu ili mama wa kesho asilale. Kinachokosekana wodini ni uhakika kwamba kesho shuka litakuja."

Mama yake aliendelea kufumua nywele, msuko mmoja, msuko wa pili.

"Wewe nilikuzaa kwenye godoro tupu," alisema mwishowe. "Sikuwahi kukuambia. Nililalia gauni langu mwenyewe. Nesi mmoja alikuja asubuhi, akatoa shuka chini ya aproni yake kama mwizi, akanifunika. Nikadhani ana roho nzuri tu. Sikujua aliliweka kwa ajili yangu."

"Mama."

"Nenda kaseme ya kwako kesho. Ile ya suti waachie wenye suti."

"Nikisema watanifelisha."

"Wakikufelisha tutarudi. Lakini usifaulu kwa maneno yasiyonijua." Alimgeuza Chiriku kichwa. "Na kesho nakuja, Chiriku atabaki kwa jirani. Nivae nini huko kwenu?"

*

Saa tatu asubuhi Mama Chiriku alisimama mbele ya watahini watatu, katika blauzi nyeupe iliyopigwa pasi na mtu anayejua pasi ni nini. Mwenyekiti, ambaye pia ndiye mkuu wa Kituo cha Uandishi, alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Kulia kwake alikaa msimamizi wake, mtu mpole aliyependa kutazama saa. Kushoto alikaa mtahini wa nje, mrefu, mkavu, kalamu nyekundu mkononi. Mama yake alikaa kiti cha nyuma kabisa, mkoba magotini, mgongo umenyooka kama yuko mahakamani.

Alieleza kazi yake kwa dakika ishirini. Alionyesha picha za pembe za mashuka. Akajibu swali la idadi, swali la ruhusa ya hospitali, swali la kwa nini uzi mwekundu na si alama ya kalamu. "Kwa sababu kalamu tunaifua ikatoka," alisema, na msimamizi wake akacheka.

Kisha mtahini wa nje akafungua nakala yake mahali alipokuwa ameweka kipande cha karatasi.

"Ukurasa wa arobaini na moja," alisema. "Mimi huwa sisifu. Waulize wenzangu. Lakini hii sentensi ya uhaba unaodhaniwa na uhodhi, nimeisoma mara tatu. Kazi yako yote ni ya kueleza, ni nzuri, lakini hapa umeruka juu. Hapa umefikiri. Kwangu mimi, hii sentensi peke yake ndiyo inayoivusha tasnifu hii. Hongera."

Ilikuwa rahisi mno. Neno ahsante lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wake, jepesi, lenye adabu. Angelisema, kila mtu angetoka salama: yeye na shahada yake, Kwa Nini na kazi yake. Nyuma yake alisikia kiti cha mama yake kikilia kidogo.

"Ahsante, lakini hiyo siyo yangu," alisema.

Kalamu nyekundu ilisimama hewani.

"Samahani?"

"Sentensi hiyo sikuiandika mimi. Niliituma kazi ichapwe, ikabadilishwa mahali hapo pamoja na aya yake. Nimeiona jana mchana. Kila kitu kingine humo ni changu, hata makosa. Hiyo siyo, na siikubali, kwa sababu inasema jambo ambalo utafiti wangu hausemi."

"Hausemi vipi?" Mtahini wa nje alikuwa ameinama mbele, na Mama Chiriku hakuweza kujua kama ni hasira au hamu. "Watumishi wanakusanya mashuka na kuyaficha. Huo ni uhodhi. Ungeuitaje?"

Alipiga moyo konde. Hakuwa na karatasi mkononi, na ghafla aliona haihitajiki.

"Mhodhi anaficha ili apate yeye. Nilikuta mashuka thelathini na moja mafichoni, na tisa vitandani. Hakuna hata moja lililokwenda nyumbani kwa nesi. Hakuna lililouzwa. Kila moja lilikuwa hatua kumi au ishirini kutoka kwenye kitanda cha mzazi. Nililiandika hilo kwenye jedwali la ukurasa wa ishirini na tisa, umbali kutoka maficho mpaka kitandani. Mtu anayehodhi hafichi mali hatua kumi kutoka kwa mwenye kuihitaji. Huyu anaogopa. Ameshawahi kumwambia mama mwenye uchungu, vumilia, shuka hakuna. Mkimwita mhodhi, hospitali itaweka kufuli kwenye makabati, naye atatafuta maficho mengine. Mkijua anaogopa, hospitali itapanga toroli la mashuka lije kila siku saa ile ile, mbele ya macho yake, bila kukosa. Tulijaribu kwa siku nane upande mmoja wa wodi. Iko kwenye kiambatisho. Siku ya sita manesi walianza kuyarudisha wenyewe. Hakuna aliyewaambia."

Mtahini wa nje aligeuza kurasa mpaka ishirini na tisa. Akapitisha kalamu kwenye jedwali, mstari kwa mstari. Akageuza mpaka kiambatisho.

"Jedwali hili nililipita," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Nilidhani ni la kujazia."

"Nani alibadilisha aya?" aliuliza msimamizi.

Mama Chiriku alitikisa kichwa. "Ningeomba nisimtaje. Alinisaidia mwaka mzima bila kugusa neno. Amekosea mara moja."

Mwenyekiti alivua miwani, ikaning'inia kifuani. Kutoka chini ya nakala yake alitoa bahasha iliyofunguliwa.

"Hakuna haja ya kumtaja. Barua hii iliwekwa mlangoni kwangu saa moja na nusu asubuhi, kabla sijafungua ofisi. Ameeleza aligusa nini, lini, na kwamba mwanafunzi alikuwa amemkataza kwa maandishi. Ameambatisha faili lako kama ulivyolituma." Alimgeukia mtahini wa nje. "Sikuwaambia ninyi wawili kwa makusudi. Nilitaka tusikie kwanza mwenye kazi atasema nini akisifiwa. Dada, toka nje kidogo na mzazi wako."

Walikaa kwenye benchi la ukumbini, bega kwa bega. Mama yake alimshika kiganja, akakikuta kina jasho, akakifutia kwenye gauni lake mwenyewe.

"Yule mrefu nilimchukia," alisema mama. "Halafu nikamwonea huruma."

Hawakusubiri dakika kumi. Mwenyekiti mwenyewe alifungua mlango.

"Umefaulu," alisema. "Kwa daraja la juu. Mtahini wa nje ndiye aliyelidai, na anaomba nakala ya jedwali lako kwa ajili ya wanafunzi wake. Una siku saba za kurudisha aya yako mwenyewe kwenye ukurasa wa arobaini na moja. Yule mshauri amepewa onyo la maandishi, na muhula huu wote hatashauri mtu. Atapanga vitabu maktaba." Akapunguza sauti. "Ameandika kwamba hata hivyo hatakuwa na nafasi ya kukushauri wewe tena. Sijui alimaanisha nini."

Mama Chiriku alijua. Kicheko kilimtoka pamoja na machozi, mambo mawili kwa mara moja, na mama yake alikuwa anampigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa.

*

Kwa Nini alikuwa amesimama mwisho wa ukumbi, karibu na ngazi, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Alimwona akija, akaanza kusema, Mama Chiriku akanyanyua kidole.

"Ngoja," alisema. "Bado sijamaliza."

"Lakini nimesikia umefaulu."

"Nimefaulu. Sijamaliza. Nina aya." Alimgeukia mama yake. "Mama, huyu ndiye. Kaa naye hapa. Nakwenda na kurudi."

"Nikae naye nimfanye nini?"

"Mwulize unachotaka."

Aliwaacha. Aliingia maktaba, akakaa kwenye kompyuta ya karibu na mlango, akafungua faili lake. Alikuwa amepewa siku saba, lakini aya ile alikuwa ameibeba muda mrefu, na asubuhi hii ilikuwa imeshatoka mdomoni mwake nzima. Aliandika. Alifuta neno, akaandika tena. Aliongeza sentensi moja ambayo haikuwepo kabisa, juu ya nesi wa miaka ishirini na saba iliyopita aliyetoa shuka chini ya aproni, bila kumtaja mama aliyefunikwa. Akasoma kwa sauti, polepole, msichana wa kompyuta ya pili akamtazama, naye hakujali. Kila sentensi ilimjibu. Akachapa, akapanda ngazi, akaikabidhi ofisini, akaweka saini. Karani aligonga mhuri.

Dakika arobaini.

Aliporudi, Kwa Nini alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi, na paji lake la uso lilikuwa linang'aa.

"Na kupika unajua?" mama yake alikuwa anauliza.

"Mayai, mama. Na mboga, kidogo."

"Kidogo ni nini? Unaunguza au huunguzi?"

"Naunguza mara moja moja."

"Huyu hasemi uongo," alisema mama akimwona binti yake, na ilikuwa kama analalamika. "Nimemjaribu kila upande. Nimemwuliza kuhusu mtoto, akaniuliza mimi Chiriku anaogopa nini ili asije akamtisha. Nimemwuliza kwa nini alikugusia kazi yako, akasema alikupenda akasahau kukuheshimu, na hatarudia. Sasa nimwulize nini tena?"

Kwa Nini alisimama. Alimtazama Mama Chiriku bila kujificha kwenye dirisha wala kamusi, na mtu mzima yule, aliyewatoa jasho wanafunzi wengi kwa maswali, alionekana hajui mikono yake aiweke wapi.

"Nilikukosea," alisema.

"Ulinikosea."

"Ulisema ile ya neno na jibu tuiache."

"Nilisema tuiache kwanza. Nilikuwa mwanafunzi wako."

"Na sasa?"

"Aya imeshagongwa mhuri. Mimi si mwanafunzi wa mtu."

"Tangu lini?"

"Dakika tano zilizopita."

Ukumbini wanafunzi wawili walipita na vitabu vyao, wakawatazama, wakaendelea. Mama Chiriku hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Basi neno langu ni hili," alianza Kwa Nini, na sauti ikamkwama. Akajaribu upya, ikakwama tena.

"Sema kwa maneno yako," alisema Mama Chiriku. "Mimi nasikiliza."

Naye akasema, palepale mbele ya mama mtu, kwa maneno ya kawaida, mengine yakiwa yamepishana. Alisema anampenda. Alisema anampenda na mtoto wake na harufu ya sabuni kwenye mikono yake, na kwamba angependa kuzeeka akimsikiliza akisoma. Mama Chiriku alimsikiliza mpaka mwisho bila kumsaidia neno hata moja. Kisha akampa jibu alilokuwa amelitunza kwa miezi mitatu. Lilikuwa fupi, naye akalirudia ili ahakikishe mama yake pia amelisikia, akanyoosha mkono, akamshika wake mchana kweupe.

Mama yake alisimama, akakung'uta gauni, akaweka mkoba begani.

"Jumapili," alimwambia Kwa Nini. "Uje mchana, ukae sebuleni, nikuangalie vizuri kwenye mwanga. Na wewe," alimgeukia binti yake, sauti ikampasuka katikati, "twende nyumbani tukamwambie yule mtoto mama yake ni nani."